Ndege nyuki juu ya pori: namna ya kufanya doria bila kuchungulia maisha ya watu

Siku ya kwanza nilipopeleka ndege nyuki, yaani droni, kwenye mkutano wa kijiji, upande wa Idodi, Iringa, nilijiandaa kwa maswali ya ujangili: inafika umbali gani, betri inadumu muda gani, usiku inaona au haioni. Swali la kwanza likatoka kwa bibi mmoja aliyeketi chini ya mkwaju. Nilikuwa nimeshamwamkia, shikamoo na kamwene zote zimekwisha. Akasubiri nimalize majigambo yangu, ndipo akauliza: "Mjukuu wangu, hicho kidude kikipita mtoni jioni tunapooga, kinatuona?"

Nikajikanyaga. Jibu nilikuwa nalo, ila lilikuwa la aibu. Kinawaona, bibi, na kinarekodi, na hizo rekodi bado ninazo kwenye kompyuta kwa sababu sijawahi kufikiria kuzifuta.

Mwongozo huu umetokana na swali lile. Nimeuandika kwa ajili ya viongozi wa jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, kamati za maliasili za vijiji, VGS wetu (askari wanyamapori wa vijiji), na kijana yeyote wa Iringa, Mbarali au Makete aliyekabidhiwa mashine na kuambiwa "kafanye doria". Kurusha utajifunza kwa wiki mbili. Kinachotugombanisha na wananchi ni picha: nani anaipiga, nani anaitazama, inalala wapi, inafutwa lini. Hayo yapangwe kabla panga la kwanza la ndege halijazunguka.

Hatua ya 1: Andika unatafuta nini

Chukua karatasi. Andika jambo moja au mawili, usiandike "usalama wa pori". Ukiandika usalama wa pori, kila kinachotembea kitakuwa mtuhumiwa, na kamera itafuata kila kinachotembea.

Sababu za msingi zipo, tena nzito. Mwaka 2009 Tanzania ilihesabiwa kuwa na tembo kama 109,000. Sensa ya 2014 ikakuta kama 43,000. Ruaha, hifadhi yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 20,000, haiwezi kulindwa kwa miguu peke yake. Lakini angalia jinsi kila tatizo linavyotaka jicho lake.

Moto kichaa kwenye mashamba ya miti ya Mufindi unahitaji kuonekana moshi na mwelekeo wa upepo; uso wa mtu hauhitajiki kabisa. Tembo akiingia kwenye mahindi, unahitaji kumwona tembo na kumsukuma arudi, wala huna haja ya kurekodi chochote. Mizoga yenye sumu, ile ya kutegea simba, mara nyingi hufichuliwa na tumbusi wanaozunguka angani. Unachotaka ni mahali walipotua. Tanuri la mkaa huonekana kwa joto na moshi. Wachimbaji wa viazi vya okidi huko Kitulo, vile vinavyovushwa kwenda Zambia kutengenezewa chakula kiitwacho kikande, huacha mashimo yanayoonekana kutoka juu hata wenyewe wakiwa wameshaondoka.

Na kuna vitu ambavyo ndege haitakuonyesha. Mtego wa waya ni mmojawapo. Nimewahi kusimamisha mashine juu ya mstari wa mitego ambayo VGS walikuwa wameikuta asubuhi ile ile, nikakuza picha hadi mwisho, nisione hata mmoja. Mitego inataka miguu na macho ya mtu anayelijua pori. Ukinunua ndege kwa ajili ya mitego umetupa fedha.

Hatua ya 2: Jua mashine inaona nini hasa

Watu wanaamini ndege nyuki inaona ndani ya nyumba. Haioni. Kamera ya joto inasoma joto la uso wa kitu, kwa hiyo juu ya bati itaona bati, juu ya nyasi itaona nyasi. Chini ya msitu mnene haioni pia. Kwenye miombo mambo hubadilika kwa msimu: kuanzia Agosti miti inapopukutisha majani unaona hadi chini, mvua zikianza unaona kijani kitupu.

Kwa wanaopenda hesabu: kamera ya joto ya kawaida kwenye ndege za daraja la kati ina nukta 640 kwa 512. Ukiwa mita 100 juu, kila nukta inabeba sentimita 9 hivi za ardhi. Mtu aliyelala ni kijistari cheupe chenye nukta 20 kwa urefu. Huwezi kusema ni mwanamume au mwanamke, wala ni jangili au mchungaji aliyechoka. Huo ni udhaifu kwa doria, lakini ni faida kubwa kwa faragha, na ndiyo maana kanuni yangu ni hii: joto kwanza, kamera ya kawaida baadaye, kukuza picha mwisho kabisa na kwa sababu inayoandikwa. Kamera ya kawaida yenye kukuza ndiyo inayoleta sura, nguo na kanga ya mtu.

Joto nalo lina saa zake. Saa saba mchana Pawaga, ardhi inapokuwa imechemka, mwili wa binadamu unapotea kabisa katikati ya mawe. Saa kumi na moja alfajiri ardhi imepoa na kila chenye damu moto kinang'aa. Kumbuka tu kwamba alfajiri ndiyo saa wanawake wanapokwenda mtoni na watu wanapokwenda vichakani kujisaidia. Tutarudi hapo.

Kwenye nyanda za juu kuna la ziada. Uwanda wa Kitulo, huko Makete, uko mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu robo kuliko ya Dar es Salaam. Mapanga yanazunguka kwa nguvu zaidi ili kubeba uzito ule ule, na baridi inaidhoofisha betri. Mashine iliyokupa dakika 30 Pawaga usiidai dakika hizo Makete.

Na jina letu la ndege nyuki limetendewa haki na tembo wenyewe. Majaribio yaliyofanywa kwenye mipaka ya Tarangire na Serengeti yalionyesha kwamba tembo hukimbia mashine hizi, na mojawapo ya maelezo ni kwamba mlio wake unawakumbusha nyuki. Aliyebuni jina hilo sijui kama alifikiria tembo.

Hatua ya 3: Vibali, bila njia ya mkato

Hili nalipitia haraka kwa sababu ofisi zenyewe zitakupa fomu. Kanuni za ndege zisizo na rubani zimekuwepo tangu 2018 na msimamizi wake ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Ndege isajiliwe huko, na kibali cha Wizara ya Ulinzi kipatikane. Kimo cha kawaida hakizidi futi 400, yaani mita 120 hivi. Kuruka usiku, au mbali na macho ya rubani, ni mambo ya kuombewa ruhusa yake mahususi, na doria nyingi za maana zinahitaji yote mawili, kwa hiyo ombeni mapema.

Kisha mwenye ardhi. Ndani ya hifadhi ya taifa ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Mapori ya akiba ni TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Misitu ya serikali ni TFS, wakala wa misitu. Ardhi ya jumuiya ina uongozi wa jumuiya pamoja na halmashauri. Kuwa na kibali cha anga hakukupi ruhusa ya kuruka juu ya Ruaha, hata kama nyumba yenu iko hatua mia kutoka mpakani.

Cha tatu watu wengi hukisahau. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Picha inayoweza kumtambulisha mtu ni taarifa binafsi. Anayekusanya taarifa hizo anatakiwa ajisajili Tume, awe na lengo halali lililotajwa, asikusanye zaidi ya analohitaji, na asikae nazo kupita haja. Nyuma ya sheria hiyo ipo Ibara ya 16 ya Katiba inayolinda maisha binafsi ya mtu na maskani yake. Ni kweli sheria ina misamaha kwa ajili ya kuzuia na kugundua uhalifu. Wapo wanaosoma msamaha huo kama ruhusa ya kila kitu. Mimi nausoma hivi: unakusaidia ukiwa unamfuatilia mhalifu fulani kwa sababu fulani, haukusaidii ukiwa na video ya saa tatu za akina mama wakiokota kuni.

Hatua ya 4: Mkutano na ramani ya makatazo

Hapa msiharakishe. Pelekeni suala kwenye mkutano mkuu wa kijiji, msiishie kwa mwenyekiti na mtendaji. Nendeni na mashine yenyewe, muirushe mbele ya watu, na muweke kioo cha kuonyeshea picha mahali ambapo kila mtu ataona kinachoonekana. Acheni wazee wajione wenyewe kwenye picha ya joto. Watacheka, halafu wataanza kuuliza maswali ya kweli.

Kisha gawanyeni mkutano. Wanawake wakae peke yao na mwezeshaji mwanamke, wafugaji wakae kwao, vijana kwao. Nasema hivi kwa uzoefu: kwenye mkutano wa pamoja hakuna mama atakayesimama mbele ya mkwewe aseme ni kichaka kipi wanakitumia kujisaidia. Akiwa na wenzake atasema, na atachora.

Wapeni ramani kubwa ya kijiji, ile ya mpango wa matumizi bora ya ardhi kama mnayo, na kalamu nyekundu. Waweke alama: mahali pa kuogea mtoni kwa wanaume na kwa wanawake, visima, vichaka vya kujisaidia, makaburi, mahali pa matambiko, shule, vinyungu (bustani za mabondeni), njia za kuni na uyoga, maboma ya wafugaji. Maeneo mengine yatakuwa mekundu mwaka mzima. Mengine kwa saa tu: mtoni kuanzia alfajiri hadi saa mbili, na jioni kuanzia saa kumi. Njia za uyoga ni za msimu wa mvua, nje ya hapo hazina watu.

Kwa nini niwasumbue namna hii? Nchini India, kuzunguka Hifadhi ya Chui Milia ya Corbett, watafiti Trishant Simlai na Chris Sandbrook wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha mwaka 2024 walichokuta. Simlai alikaa huko miezi 14 na kuhoji watu 270. Kamera zilizofungwa msituni kwa ajili ya wanyama zilimpiga picha mwanamke akijisaidia, na picha ikasambazwa kwenye simu na vibarua wa hifadhi. Wanakijiji wakaziharibu kamera. Ndege zisizo na rubani nazo zilirushwa makusudi juu ya wanawake ili kuwafukuza msituni, ingawa walikuwa na haki ya kuokota mazao ya msitu. Na kuna hili ambalo mimi nisingeliwaza: wanawake wale walikuwa na desturi ya kuimba na kuongea kwa sauti wakiwa msituni ili wanyama wakali wawasikie wapishe. Walipojua wanatazamwa, wakaanza kunyamaza. Kamera ya kulinda wanyama ikawaweka watu karibu zaidi na chui milia.

Mama zetu wanaokwenda kuni pembezoni mwa Ruaha nao huongea kwa sauti kwa sababu ya tembo. Wachukueni kwa uzito.

Kwa wafugaji kuna jeraha la zamani. Walioondolewa bonde la Usangu na mifugo yao mwaka 2006 na 2007 wanasikia mlio wa ndege na wanawaza operesheni nyingine. Hamtaondoa hofu hiyo kwa hotuba. Semeni wazi, na muandike kwenye muhtasari, kama picha zitatumika kuhesabu mifugo au hazitatumika. Mkisema hazitatumika, basi zisitumike, hata akija bwana mkubwa kuziomba.

Ramani ikikamilika, mipaka yake iingizwe kwenye programu ya ndege kama uzio wa kidijitali, ili mashine yenyewe igome kuingia eneo jekundu. Nakala ya karatasi ibandikwe ofisi ya kijiji.

Hatua ya 5: Siku ya kuruka

Watu wawili, kamwe si mmoja. Rubani anatazama anga, mwangalizi anatazama kioo. Mmoja wao akiwa mwanamke ni bora zaidi. Mwangalizi ndiye anayesema "acha" pale kamera inapoangukia kisichohusika, na rubani atii bila mjadala.

Kabla ya kuruka jazeni daftari: tarehe, saa, majina, lengo, njia. Betri ziwe zimejaa na hazijavimba. Kimo cha kurudi kiwekwe juu ya mibuyu na juu ya kilima kilicho kati yenu na ndege. Wengi hupoteza mashine kwa kusahau kilima. Betri ikifika asilimia 30 geuzeni, na kama upepo utakuwa wa mbele wakati wa kurudi, geuzeni kwenye 40.

Mkiwa mnavuka kijiji kwenda porini, kamera iangalie mbele kwenye upeo, kurekodi kuzimwe. Kurekodi kuanze mkishavuka mpaka wa eneo la doria. Ni kitufe kimoja tu, lakini kinapunguza nusu ya matatizo ya mwongozo huu. Msishuke chini juu ya mtu ili "kumwona vizuri". Kumshukia mtu ni kumtisha, na mtu aliyetishwa akiwa na ng'ombe mbele yake anaweza kuumia.

Tumbusi wakiwa angani, simameni mbali na muwaonee kwa kukuza. Mmoja akigonga panga, mmepoteza ndege na mmepoteza ndege.

Hatua ya 6: Maisha ya picha, tangu kuzaliwa hadi kufutwa

Msimu wangu wa kwanza, mahali ambapo sitapataja, mwenzetu mmoja alipiga picha ya kioo kwa simu yake. Ilikuwa ya kijana na binti chini ya mti, hawakuwa na shoka wala bunduki, walikuwa na mambo yao. Kabla hatujarudi kambini picha ilikuwa imefika kwenye kundi la WhatsApp la kijiji kizima. Binti yule aliondoka kwenda kwa shangazi yake mjini na sikumwona tena. Ndege ilifanya kazi barabara siku ile. Betri, upepo, kibali, vyote sawa.

Tangu hapo simu zote zinaingia kwenye ndoo yenye mfuniko kabla kioo hakijawashwa. Ndoo ya kawaida ya plastiki. Inachekesha hadi unapoizoea.

Kadi ya memori ina mtu mmoja anayeitunza, anayetia sahihi kuipokea na kuitoa. Ikifika ofisini inanakiliwa kwenye kompyuta moja isiyounganishwa na intaneti, yenye nywila, kisha inasafishwa. Zimeni ile huduma ya mashine kupeleka picha zenyewe kwenye seva za kampuni iliyoitengeneza. Ipo kwenye mipangilio na mara nyingi huja ikiwa imewashwa.

Jioni ile ile mtunzaji na mwangalizi wakae wapitie. Kila kipande kiingie kwenye moja ya mafungu matatu. Kisicho na mtu na kisicho na maana: futa. Chenye maana kwa uhifadhi lakini hakina mtu anayetambulika, kama mizoga, moto au makundi ya tembo: tunza. Chenye mtu: kama hakuna tukio la kosa, kifutwe usiku huo huo, kama kuna tukio, kipelekwe kwenye fungu la ushahidi. Ambacho hamjaamua kisikae zaidi ya siku 14. Idadi hiyo ni yangu, inatokana na muda ambao kesi huwa imeshafunguliwa au haitafunguliwa kamwe. Ninyi mnaweza kuchagua 7. Muhimu namba iandikwe na mkutano uijue.

Cha ushahidi kina nidhamu yake. Faili halisi lisiguswe, lisikatwe, lisiongezwe mwanga. Andikeni saa, mahali, nani alirusha, nani alinakili, nani alikabidhiwa. Mwendesha mashtaka atauliza kila kiungo cha mnyororo huo, na wakili wa upande wa pili atauliza mara mbili.

Hatua ya 7: Mmeona mtu

Mtu porini si jangili. Anaweza kuwa mrina asali, mganga anayetafuta mizizi, mvuvi mwenye kibali, mtoto aliyepoteza mbuzi. Kioo kinawaonyesha wote kwa rangi moja.

Ripoti ya redio iseme kilichoonekana tu: "watu watatu, wanatembea kuelekea mtoni, mmoja kabeba kitu kirefu". Isiseme "majangili watatu wenye bunduki". Mpini wa jembe ni kitu kirefu. Askari aliyeambiwa bunduki anafika eneo la tukio akiwa tayari kwa bunduki, na hapo watu hufa. Nasisitiza hili kuliko jambo lolote la kiufundi nililoandika hapa.

Wanaokwenda kukamata ni askari wenye mamlaka hayo, na VGS waende nao. Rubani haendi. Ndege inaweza kubaki juu ikirekodi ukamataji mzima, na ibaki kweli, maana picha hiyo inamlinda askari mwema dhidi ya kusingiziwa na inamlinda mkamatwa dhidi ya kipigo. Msizime kurekodi kwa sababu mambo yameharibika. Hapo ndipo inapohitajika.

Hatua ya 8: Mlango wa malalamiko

Ofisi ya kijiji iwe na daftari la pili, la malalamiko, na mtu anayelisimamia asiwe rubani wala ndugu wa rubani. Mlalamikaji anaweza kudai kujua kama picha yake ipo, kuiona, na kutaka ifutwe. Apewe jibu ndani ya siku zilizopangwa, kwa maandishi. Asiporidhika anaruhusiwa kwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na msimtishe kwa hilo. Kila baada ya miezi mitatu, mkutano mkuu unapokaa, soma mbele ya watu: tumeruka mara ngapi, kwa lengo gani, tumefuta nini, tumetunza nini, nani alilalamika.

Na wewe mwananchi uliyesikia mlio juu ya shamba lako: usiitupie mawe wala usiilenge manati, ikianguka na betri yake inawaka moto na nyasi za Septemba hazisubiri. Angalia saa. Tazama imetoka upande gani na imekwenda upande gani, kama ilisimama juu yako, kwa muda gani. Nenda ofisi ya kijiji uombe daftari la kuruka lifunguliwe mezani mbele yako. Kama saa ile imeandikwa, utaona majina na lengo, na una pa kuanzia. Kama haijaandikwa, ndege ile si ya doria, na hiyo sasa ni taarifa ya kupeleka polisi siku ile ile.